Sera zinapobadilika Marekani, chuo kimpe mwanafunzi ukweli wenye tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni Mtanzania, mwalimu wa Kiingereza kwa watu wazima katika chuo cha jamii jimboni Illinois, Marekani, upande huu wa mto Mississippi. Ng'ambo ya daraja ni jimbo la Iowa. Wanafunzi wangu wengi ni wakimbizi wa Kongo mashariki, baadhi yao wamekulia kambini Nyarugusu na wengine Kakuma. Wapo Warundi, wapo Wasomali, na wapo vijana wachache wa Kenya na Tanzania waliokuja kwa viza ya masomo. Darasani tunasema Kiingereza, koridoni ni Kiswahili tu.

Tangu Januari 2025 nimekuwa nikisoma habari za mabadiliko ya sera za serikali ya Marekani zinavyoandikwa na magazeti ya nyumbani. Karibu zote zinahusu vyuo vikuu vyenye majina makubwa. Vyuo vya jamii havitajwi, na ndiko walipo watu wetu wengi. Kwa asiyevijua, ni vyuo vya umma vya miaka miwili, ada yake nafuu, na mlango uko wazi kwa karibu kila mtu. Cha kwanza kati ya vilivyopo kilianzishwa mwaka 1901 mjini Joliet, hapa hapa Illinois. Leo viko takriban 1,000 nchi nzima. Utamkuta kijana anayejiandaa kuhamia chuo kikuu, mama anayesomea uuguzi, fundi anayejifunza kuchomelea, na mzee anayejifunza kuandika jina lake. Mwanafunzi wa aina hii anaitegemea serikali kwa mambo mengi kwa mkupuo: ada, chakula cha watoto, hati ya kukaa nchini, kibali cha kazi. Washington ikitoa amri jioni, asubuhi yuko mlangoni kwetu anauliza.

Nitoe mfano mmoja. Jioni ya Januari 27, 2025 ofisi ya bajeti ya Ikulu ilitoa waraka wa kusimamisha ruzuku na mikopo ya serikali kuu, utekelezaji uanze saa 11 jioni kesho yake. Usiku ule ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwa Kiswahili safi cha Kivu, ukisema Pell imefutwa na kila aliyeipokea atadaiwa. Pell ni ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, na kwa mwaka inaweza kufika dola 7,395. Asubuhi mama mmoja mzaliwa wa Uvira, anayesomea uuguzi, alikuja na vitabu vya maktaba kwenye mfuko wa plastiki. "Mwalimu, nimeleta vitu vya watu. Sitaki deni."

Nilimpeleka ofisi ya misaada ya masomo. Yule ofisa hakumpa hotuba. Aligeuza kioo cha kompyuta, akamwonyesha akaunti yake mstari kwa mstari: ruzuku imeingia, ada ya muhula imelipwa, salio sifuri. Kisha akamwonyesha tamko la Wizara ya Elimu, lililotolewa siku ile ile, kwamba Pell na mikopo ya wanafunzi haimo kwenye waraka ule. Mama akauliza mara mbili kama ana uhakika, akajibiwa mara mbili. Jioni hakimu alisimamisha utekelezaji dakika chache kabla ya saa 11, na Januari 29 waraka wenyewe ukaondolewa. Vitabu vilirudi nyumbani na mwenyewe. Bila ofisa yule, mama huyu angeacha masomo kwa jambo ambalo halikumhusu hata siku moja.

Baada ya wiki ile chuo kilianza kutoa karatasi ya upande mmoja, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Juu kabisa ina tarehe. Inaeleza kilichotokea, kisha kinachotumika leo hapa chuoni, kisha jambo ambalo bado halijaamuliwa, na mwisho jina la mtu wa kumwona na namba ya chumba chake. Inatolewa kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiswahili. Ikitoka mpya, ya zamani inabanduliwa ubaoni siku hiyo hiyo, asije mtu akaipiga picha na kuisambaza mwezi wa tatu kama habari ya leo. Barua ndefu za uongozi zinazosema chuo kinamthamini kila mwanafunzi tunazipata pia, na naamini zinaandikwa kwa nia njema. Lakini sijamwona mwanafunzi aliyebaki darasani kwa sababu ya barua ya namna hiyo. Niliowaona wakibaki walikuwa na ile karatasi imekunjwa ndani ya daftari.

Januari hiyo hiyo serikali ilifuta mwongozo uliokuwa ukipunguza operesheni za uhamiaji mashuleni, hospitalini na makanisani. Viti vikaanza kubaki wazi. Chuo kiliwaita wafanyakazi wote, na nasema wote: walimu, wapishi, walinzi, watu wa usafi. Tukafundishwa kwamba ofisa akija apokewe kwa heshima, asizuiwe kwa nguvu, asidanganywe, na asijibiwe lolote kuhusu mwanafunzi hadi ofisi ya usalama ya chuo ifike pamoja na mwanasheria. Tukaonyeshwa tofauti ya hati iliyosainiwa na hakimu wa mahakama na ile iliyosainiwa na ofisa wa uhamiaji mwenyewe. Hii ya pili peke yake haifungui mlango wa darasa lisilo la wazi kwa umma. Tukakumbushwa pia sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi zisitolewe bila ridhaa yake, ila pale sheria yenyewe inaporuhusu, kama kwa amri ya mahakama. Wenye viza ya masomo wana utaratibu wao, kwa kuwa taarifa zao hupelekwa serikalini tangu mwanzo, na hilo nao waliambiwa wazi. Mzee mmoja wa usafi, Mrundi, alikuwa akipiga deki koridoni huku akijirudia kwa Kiingereza: subiri hapa tafadhali, namwita mkuu wangu. Alirudia hadi ikakaa sawa mdomoni.

Majira ya kiangazi yakaja na mtihani mkubwa zaidi, safari hii kwa walimu wenyewe. Fedha za serikali kuu za elimu ya watu wazima huachiwa kila Julai 1. Juni 30, 2025 majimbo yaliarifiwa kwamba hazitatoka, zinapitiwa upya, pamoja na fedha nyingine za elimu. Kwa jumla zilizidi dola bilioni 6. Madarasa yetu ya Kiingereza yanaishi kwa fedha hizo. Wengi wetu tunalipwa kwa saa. Mwalimu wa namna hii akisikia mshahara una mashaka, wiki hiyo hiyo anatafuta kazi ghalani, na sina wa kumlaumu, ana watoto. Akiondoka, darasa linakufa hata kama fedha zitarudi baadaye, maana kumpata mwalimu mwingine wa usiku kunachukua miezi.

Mkuu wetu wa idara alituita sote kesho yake, na wale wa saa wakiwemo. Alitutajia kiasi cha akiba kilichopo na hadi lini kingetulipa. Akasema baada ya hapo hajui, na kwamba atatuandikia kila Ijumaa hata kama hakuna jipya. Akatimiza. Kuna Ijumaa ujumbe ulikuwa na mstari mmoja tu: bado hatujasikia, madarasa yanaendelea wiki ijayo. Mstari ule ulitutosha kupanga wiki. Wakati huo huo chuo kimoja mbali na hapa, ambako rafiki yangu anafundisha, kilifunga darasa la usiku kwa tangazo lililobandikwa mlangoni, na walimu wakaliona pamoja na wanafunzi. Julai 25 serikali ilitangaza kuziachia fedha. Sisi tuliendelea na darasa letu. Rafiki yangu alianza kutafuta wanafunzi wake nyumba kwa nyumba, na wengine walikwisha hama.

Fedha zikiwa bado zimeshikiliwa, Julai 10 Wizara ya Elimu ilitangaza kuachana na msimamo wake wa mwaka 1997, uliokuwa hauziwekei huduma hizi sharti la hati, na kwamba elimu ya watu wazima na mafunzo ya ufundi yanayolipiwa na serikali kuu sasa yatahesabiwa kuwa huduma zinazohitaji hati ya ukaazi inayokubalika. Majimbo 20, Illinois likiwemo, pamoja na jiji la Washington, yalikwenda mahakamani, na Septemba mahakama ya shirikisho ikaweka zuio kwa ajili ya hao waliofungua kesi. Iowa haikuwamo. Hapa ndipo mambo yanapowachanganya watu wetu, maana kundi la WhatsApp halina mpaka. Nina mwanafunzi ambaye dada yake, tumbo moja, anaishi ng'ambo ya daraja, ameomba hifadhi na kesi yake haijaamuliwa. Dada alisikia kwamba mahakama imezuia, akafurahi. Mdogo wake huku alisikia kwamba ni lazima hati, akaogopa. Kila mmoja alikuwa ameshika habari ya mwenzake. Toleo la Kiswahili la karatasi yetu liliandika neno ILLINOIS kwa wino mzito juu na chini, na bado nilitumia kipindi kizima kulifafanua kwa ramani ubaoni.

Kuhusu wafanyakazi, watu husahau kwamba nao wana hati zao za kuhangaikia. Tuna msaidizi wa darasa, mwomba hifadhi kutoka Bukavu, kijana mpole ambaye wazee wanampenda kwa sababu hawaharakishi. Ofisi ya utumishi ilikuwa na mazoea ya kumwandikia kila mwenye kibali kinachokaribia kuisha kwamba ombi jipya hupokelewa kuanzia siku 180 kabla, na asisubiri. Yeye aliomba Septemba. Oktoba 30, 2025 serikali ilifuta utaratibu wa kuongeza muda wa kibali moja kwa moja wakati ombi linashughulikiwa. Walioomba kabla ya tarehe hiyo waliendelea na nyongeza yao ya hadi siku 540, walioomba baada yake hawakuwa na hiyo kinga. Barua moja ya ukumbusho, ambayo pengine ilimchukua karani dakika tano, ndiyo iliyomwacha kazini. Ningependa kila mwajiri wa watu wetu aige jambo hili kabla ya jingine lolote.

Oktoba 1 serikali kuu ikafunga shughuli kwa kukosa bajeti, siku 43, na msaada wa chakula wa Novemba ukachelewa. Kabla ya hapo sheria iliyosainiwa Julai 4 ilikwisha kuwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi katika msaada huo hadi wapate kadi ya ukaazi, yaani grini kadi. Stoo ya chakula ya wanafunzi, ambayo zamani ilifunguliwa mara moja kwa wiki, ilifunguliwa kila siku. Sitaki kulisemea sana hili kwa sababu wengine walilishughulikia kuliko mimi. Niseme tu kwamba mtu wa stoo alikuwa na fomu za grini kadi mezani karibu na mchele, pamoja na namba ya wanasheria wa msaada. Mkimbizi anatakiwa kuiomba akishatimiza mwaka mmoja nchini, na wapo waliokaa miaka bila kuijaza.

Sasa nije kwa wasomaji wako wa Tanzania hasa. Desemba 16, 2025 rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zenye vikwazo vya sehemu, viza za masomo zikiwemo, kuanzia Januari 1, 2026. Burundi ilikuwamo tangu Juni. Tangazo lilitoka wanafunzi wakiwa kwenye mitihani, wengine wameshafunga mabegi. Kijana mmoja wa Mwanza, anayesomea uhasibu mwaka wa pili, alikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani kwa harusi ya dada yake. Hadhi yake ya uanafunzi ilikuwa safi, hati za chuo ziko sawa. Ila viza iliyogongwa kwenye pasipoti ilikuwa imeisha, jambo la kawaida kwa mwanafunzi ambaye hajatoka nchini, na alipanga kuipata upya Dar es Salaam Januari.

Mshauri wa wanafunzi wa kigeni hakungoja aje. Alipitia orodha yake usiku ule, akampigia simu asubuhi. Alimweleza kwamba tangazo halimfukuzi aliye ndani na hadhi halali, na viza zilizokwisha kutolewa hazifutwi nalo, lakini yeye akitoka atakuwa mtu wa nje asiye na viza hai, na huenda asirudi kumaliza mihula yake miwili. Uamuzi ni wako, alimwambia, mimi natakiwa kuhakikisha unaujua ukweli kabla hujapanda ndege. Kijana akaniomba nikae naye wakati anampigia mama yake. Nilimsalimia mama, shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kama kijana amefanya kosa lolote huko. Nikamwambia hapana mama, hajafanya kosa, sheria ndiyo imebadilika. Alinyamaza kidogo, akasema basi abaki asome, harusi tutamrushia kwenye simu. Chuo kiliruhusu bweni la jirani wanaloshirikiana nalo limpokee wakati wa likizo bila kumdai ziada. Kaka yake alikasirika sana, kwa sababu rafiki fulani alimwambia kwamba viza za Watanzania wote zimefutwa na hivyo mdogo wake atakamatwa hata akibaki. Hilo halikuwa kweli. Lakini lilifika Mwanza haraka kuliko maelezo ya mshauri.

Si kila badiliko ni la kuumiza. Sheria ile ile ya Julai 4 inaifikisha Pell kwenye kozi fupi za kazi, za wiki 8 hadi 15, kuanzia Julai 1, 2026. Kabla ya tarehe hiyo kozi hizo kwa kawaida zilikuwa nje ya ruzuku hiyo. Kwa watu wetu wanaotaka kuingia kazi za kuhudumia wagonjwa na wazee hii ni nafasi ya kweli, ila kila kozi lazima ipitishwe kwanza na mamlaka za jimbo na serikali kuu. Asidanganywe mtu kulipia leo kwa ahadi kwamba Pell itamrudishia.

Ninachokililia chuo changu na vingine ni hiki. Karatasi ya Kiswahili tunaitafsiri sisi walimu baada ya kazi, bila malipo. Tunafanya kwa moyo, na tutaendelea, lakini siku mtafsiri akiugua karatasi haitoki, na siku hiyo ujumbe wa sauti unabaki peke yake uwanjani. Kazi hiyo iwekwe kwenye bajeti kama umeme na maji vinavyowekwa. Na walimu wa saa waendelee kuitwa kwenye vikao, hata hali itakapotulia.

Kwako Mhariri, ombi langu ni la kazi yako ya kila siku. Mnapoandika kuhusu sera ya Marekani, mwambieni msomaji kama ni pendekezo tu, au ni amri inayotumika, au imezuiwa na mahakama, na imezuiwa katika majimbo gani. Wekeni tarehe ya kuanza kutumika, na mseme inamgusa aliye ndani au aliye nje. Habari ikikosa mambo hayo, inasomwa kwa sauti kwenye simu na kumfikia mwanafunzi wangu kabla ya saa mbili asubuhi, nami naikuta imekaa kitini kwake.

Na kwa mzazi au kaka aliye nyumbani: kabla hujamkatia mwanao tiketi au kumshauri aache masomo, mwambie aende kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake, apewe jibu kwa maandishi, akutumie picha yake. Huduma hiyo hailipiwi. Kama Kiingereza cha barua hiyo kinakupa shida, atafute mwalimu kama mimi pale chuoni amsaidie kukusomea. Tupo katika vyuo vingi.

Mwalimu wa watu wazima,
Illinois, Marekani